Saa ya Guka haikuwa takataka

Wasee, leo sina vichekesho. Leo nakiri.

Wale mlio nami tangu mwaka jana mnakumbuka ile video ya saa. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, mathe haniongeleshi, na nilitaka kila mtu anayenicheki kwa simu aamini mambo yangu yamenyooka. Nikainua mkono: Rolex Daytona. Mkashangilia. Msee mmoja tu akauliza, "Mbona mshale wa katikati unatembea?" Nikambloku.

Alikuwa na haki. Daytona ni kronografu, yaani saa yenye kipima muda ndani yake. Ule mshale mrefu wa katikati husimama tuli mpaka ubonyeze kitufe. Sekunde za kawaida ni kazi ya kijimshale cha chini. Wangu mrefu ulitembea mchana na usiku.

Fundi mmoja wa River Road akaufungua mgongo wake. Ndani, kibetri. Akacheka, akaniuliza nilitoa pesa ngapi. Hapo ndipo aibu yenyewe ilipo. Nilitoa elfu sita, na Seiko ya Guka juu yake.

Guka alinipa hiyo Seiko nilipomaliza fomu four. Uso wa njano, vitufe viwili, kiduara kimoja cha dakika. Niliiona kama ya mshamba. Nilipomweleza fundi inavyokaa, akaacha kucheka. "Nyuma imeandikwa 6139?" Ndiyo. Akaweka bisibisi chini.

Usiku huo sikulala, nilisoma. Kumbe 1969 kulikuwa na mbio za kutoa kronografu ya kwanza otomatiki, isiyohitaji kutiwa ufunguo kila siku kwa sababu inajijaza ukitembeza mkono. Zenith ya Uswisi ilitangaza El Primero Januari. Heuer, Breitling, Hamilton na Buren wakaja na Calibre 11 Machi. Na Seiko ya Japani ikaanza kuuza 6139 mwaka huohuo.

Kila moja ilikuwa na akili yake. El Primero hupiga mara 36,000 kwa saa, hivyo inaweza kupima hadi sehemu moja ya kumi ya sekunde. Calibre 11 ni kipima muda kilichobebeshwa juu ya mtambo wa saa, na kichwa chake kiko kushoto. Ya Guka hupiga mara 21,600 tu. Lakini ina gurudumu la nguzo, linaloamua kuanza na kusimama, na klachi inayoshikana juu kwa chini, karibu kama ya gari, badala ya meno ya gia kukutana kutoka ubavuni. Ndiyo maana ukibonyeza, mshale unaondoka bila kuruka.

Sasa skizeni. Daytona otomatiki ya kwanza, 1988, ilitumia mtambo wa Zenith, Rolex wakaupunguza kasi hadi 28,800. Mwaka wa 2000 wakaleta wao wenyewe, 4130. Una nini ndani? Gurudumu la nguzo, na klachi ya juu kwa chini.

Sisemi Seiko ya Guka ni Rolex. Bei ni mbingu na ardhi, na ufundi wa Rolex si mchezo. Nasema nilitoa saa yenye mpangilio ambao Daytona iliupata miaka 31 baadaye, nikachukua kibetri chenye jina. Na sikuwahi hata kuuliza ndani kuna nini. Niliangalia uso tu, vile niliogopa nyinyi mtaniangalia.

Nilirudi kwa yule muuzaji. Kwa meza yake kuna mtu mwingine, anauza kava za simu.

Guka hupiga simu kila Jumapili. "Saa bado inatembea?" Yeye ndiye alinifundisha: hii haitiwi ufunguo kabisa, itikise kidogo asubuhi kisha uivae, ikae mkononi. Namjibu, "Inatembea, Guka." Nimemjibu hivyo miezi minane.

Jumamosi naenda ocha kumwambia ukweli, kabla mtu amwonyeshe hii.

Na wewe ukiona Seiko 6139 ya njano popote Nairobi, yenye mkwaruzo kwa kioo karibu na kitufe cha chini, tafadhali niandikie. Bei tutaongea.