Hakimu wa Picha ya Awara

Wahenga walisema mengi, na mengi katika hayo ni kweli tupu. Lakini miaka ya ualimu imenifundisha kwamba si kila methali inafaa kutamkwa mbele ya kila mtu, hasa mtu huyo akiwa mtoto. Iko methali moja niliyoitamka mbele ya shule nzima asubuhi moja ya mwaka 1987, nami kila niikumbukapo huinamisha kichwa. Ili kisa hicho kieleweke, sina budi kuanzia mbali kidogo, kwenye picha za Kihindi.

Nilikulia Tanga, wakati sinema ilipokuwa jambo kubwa mjini. Yalikuwapo majumba kama Majestic na Novelty, na siku za Jumapili njia zote zilielekea huko. Wahindi walikuja na familia zao nzima, kuanzia bibi mpaka kitukuu, wakakaa katika viti vya nyuma vilivyokuwa ghali. Sisi watoto wa Ngamiani tulikaa mbele kabisa, shingo tumeziinua kama kuku anywaye maji. Kiingilio chetu kilikuwa sumni, na sumni hiyo tuliitafuta wiki nzima kwa kuokota chupa na kuwabebea watu vikapu sokoni. Mambo yalikuwa hivyo hivyo katika miji mingine ya pwani. Unguja walikuwa na Empire, Majestic na Sultana. Dar es Salaam walikuwa na Avalon, Empire, Odeon na nyinginezo. Yako majumba yaliyotenga maonyesho ya zanana, ya wanawake watupu, ili akina mama wa buibui nao wapate kulia na kucheka bila ya kutazamwa.

Wajukuu zangu huniuliza tuliielewaje lugha. Jibu ni kwamba hatukuielewa, wala jambo hilo halikutuzuia. Kwanza, masikio yetu yalinasa maneno tuliyoyajua: dunia, wakati, habari, safari, kitabu, umri. Wao na sisi tumeyachota maneno hayo katika kisima kimoja cha Kiarabu, kila mtu kwa ndoo yake. Pili, mambo yenyewe yalikuwa yetu. Mama anayelea watoto peke yake kwa tabu, ndugu waliopoteana utotoni, mkopeshaji wa riba anayenyang'anya watu mashamba, binti anayeozwa kwa mtu asiyemtaka. Katika picha za Kizungu watu wawili walipendana wakaenda zao. Katika picha za Kihindi hawaendi popote mpaka baba, mama, shangazi na majirani wote wamesema neno lao. Hayo tuliyajua tangu nyumbani.

Ilipoonyeshwa Mother India, iliyotoka mwaka 1957, nilimwona jirani yetu, mama asiyejua neno la Kihindi, akirudi njia nzima analia. Katika picha hiyo mama anampiga risasi mwanawe wa kumzaa kuliko kumwacha aivunje heshima ya binti wa kijiji. Mama yule hakuhitaji mkalimani. Na nyimbo je? Kesho yake mtaa mzima uliziimba kwa maneno ya kubuni. Waimbaji wa taarabu nao waliyachukua mahadhi yale wakayatilia mashairi ya Kiswahili. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alisifika sana kwa ufundi huo.

Lakini picha iliyonishika mimi ni Awara, ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951. Niliiona kiasi cha miaka kumi baadaye, kwa kuwa ilirudishwa tena na tena, na kila iliporudi watu walijaa. Wala si pwani yetu tu iliyoipenda. Warusi na Wachina nao waliipenda mno. Kisa chake ni hiki. Hakimu mmoja mwenye cheo anaamini kwamba mtoto wa mtu mwema huwa mwema, na mtoto wa mwizi huwa mwizi. Kwa imani hiyo anamtia hatiani mtu asiye na kosa, kwa sababu tu baba yake alikuwa jambazi. Mtu yule analipiza kisasi. Anamteka mke wa hakimu, kisha anamrudisha. Hakimu anamshuku mkewe, anamfukuza usiku wa mvua naye ni mjamzito, na mtoto anazaliwa njiani. Mtoto huyo, Raj, analelewa katika umaskini, na yule yule jambazi anamfundisha wizi. Mwisho Raj anasimama kizimbani, na hakimu hajui kuwa anayemwita mhalifu ni damu yake mwenyewe. Aliyeigiza hakimu ni Prithviraj Kapoor, ambaye alikuwa baba mzazi wa Raj Kapoor hasa.

Nilitoka ukumbini siku ile nikiwa na hasira ya kitoto. Mimi nilikuwa mtoto wa mchukuzi wa bandarini. Nilijua namna mwenye duka anavyomtazama mtoto wa mchukuzi anaposogelea pipi. Nikamchukia yule hakimu kwa moyo wangu wote, nikajiapia kwamba nikiwa mkubwa sitakuwa kama yeye.

Nikawa mkubwa. Nikaenda chuo cha ualimu, nikafundishwa saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundishia na namna ya kuandaa somo. Nilipomaliza nikapangiwa shule, na baada ya miaka mingi nikawa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika mji mdogo wa barabarani. Kufika hapo nilikuwa nimekwisha kusahau vikapu vya sokoni. Tulikuwa tukihubiri juu ya kasumba na utamaduni wa kigeni, nami nilihubiri kuliko wenzangu.

Katika miaka hiyo ya themanini mabanda ya video yalianza kuingia hata katika miji midogo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo banda la video lilikuwa ndiyo sinema yetu. Lilikuwa ni kibanda cha makuti, jenereta inayonguruma nyuma, televisheni moja juu ya meza, na mabenchi. Walionyesha picha za ngumi za Kichina na za Kihindi. Vijana walimjua Amitabh Bachchan kuliko walivyomjua mkuu wa wilaya. Nilipiga marufuku wanafunzi kwenda huko, na nadhani sikukosea kwa hilo, maana wengine walitoroka vipindi. Kosa langu lilikuwa jingine.

Palikuwa na mvulana mmoja wa darasa la saba. Baba yake alikuwa amefungwa kwa wizi wa magunia ya ushirika, na mji mzima ulijua. Mvulana alikuwa mpole, mwenye maneno mengi akiwa na wenzake na maneno machache akiwa na walimu. Siku moja fedha za mchango wa mahafali, shilingi mia nane, zilitoweka katika mtoto wa meza ya mwalimu. Wiki hiyo hiyo nikaletewa habari kwamba mvulana yule huonekana bandani karibu kila jioni. Nikafanya hesabu haraka, kama afanyavyo mtu asiyetaka kufanya hesabu. Mama yake anauza vitumbua, kiingilio cha kila siku anakitoa wapi?

Nilimwita mstarini. Nikamuuliza mbele ya shule nzima, akasema hajachukua. Nikamuuliza fedha za kiingilio anazipata wapi, akasema halipi. Wanafunzi wakacheka, nami nikaona ananidhihaki. Hapo ndipo nilipowageukia walimu, kwa sauti ya kusikiwa na wote, nikasema, "Mwana wa nyoka ni nyoka." Kisha nikamchapa. Hakulia. Alirudi kwenye mstari wake, akasimama mpaka wimbo wa Taifa ukaisha, na tangu siku ile hakuja tena shuleni. Ilibaki kama miezi mitatu afanye mtihani wa kumaliza darasa la saba.

Fedha zile hazikuonekana, na hadi leo sijui nani alizichukua. Lakini juu ya kiingilio nilikuja kujua. Miezi ilipita, nikakutana na mwenye banda kwenye msiba. Katika mazungumzo akasikitika kwamba biashara imelegea tangu kijana wake aondoke. Nikamuuliza kijana gani. Akamtaja mvulana yule. Alisema hakuwa akimtoza hata senti, bali alimpa nauli ya kumpelekea mama yake. Kisa? Mvulana alikuwa ametazama picha za Kihindi nyingi hata akashika lugha kwa kadiri yake, na palipokosekana neno alikisia. Kila jioni alisimama kando ya televisheni akawaeleza watazamaji steringi anasema nini, adui anapanga nini, na mama analilia nini. Watu wazima walikuja kumsikiliza yeye kama walivyokuja kuitazama picha. Mwenye banda akasema, "Mwalimu, yule alikuwa na kipaji. Mngemfanya hata mwalimu." Sikuwa na la kujibu. Nikaenda kwa mama yake. Akanikaribisha kwa adabu, akanipa kigoda, akaniambia kijana amekwenda Dar es Salaam kwa mjomba wake. Hakunilaumu kwa neno hata moja, na afadhali angenilaumu.

Miaka ya baadaye kazi ile aliyoifanya kandoni mwa televisheni ikawa kazi ya watu wenye majina. Katika mabanda ya Dar es Salaam jina la Lufufu lilivuma kwa kutafsiri filamu kwa Kiswahili, na Kenya akavuma DJ Afro. Kila niliposikia sauti ya mtafsiri katika basi au kinyozini, nilitega sikio nikijiuliza kama ni yeye. Sikuwahi kuitambua.

Usiku ule niliotoka kwa mama yake ndipo Awara iliponirudia. Nilimwona hakimu akitamka imani yake kwa utulivu wa msomi, nikaona kuwa nilimnukuu bila kujua, kwa Kiswahili tu. Nilitazama picha ile zaidi ya mara tano utotoni, nikajua wimbo wake, nikajua mpaka namna Raj alivyovaa kofia yake. Yote hayo niliyahifadhi ila lile moja ililokuwa ikilisema.

Sasa nimestaafu, na mjukuu wangu anayesoma sekondari anaishi nami. Mkononi ana simu, na simu ile hailali. Mwaka 2022 nilimkuta barazani akiimba Kihindi peke yake huku akitikisa kichwa. Ulimi wangu ulikuwa umekwisha kujipanga kusema, "Hivi ndivyo mnavyopotea." Nikaumeza. Nikamwambia, "Hebu nionyeshe, mama."

Akanionyesha kijana wa Kimasai wa Mkoa wa Pwani, Kili Paul, amevaa shuka lake jekundu, amesimama nje na dada yake Neema, wakifuatisha kwa midomo wimbo wa filamu ya Shershaah ya mwaka 2021. Mamilioni ya watu huko India waliwatazama. Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akawataja kwa sifa katika hotuba yake ya redio. Nilicheka mpaka machozi. Sisi tulilipa sumni kwenda kuwatazama Wahindi. Leo Wahindi wanamtazama mchungaji wa ng'ombe wa kwetu akiwaimbia nyimbo zao.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mtoto aachiwe simu usiku kucha, kama ambavyo sisemi ilikuwa halali kutoroka vipindi. Mwalimu wangu wa chuoni aliiona sinema kuwa ndiyo maangamizi ya watoto. Mimi nikaiona video hivyo hivyo. Na leo wazazi wanaiona simu hivyo hivyo. Kila mmoja wetu ana sehemu yake ya ukweli. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo: kabla hujamhukumu mtoto kwa kitu anachokitazama, kaa karibu naye ukitazame, na umuulize anapata nini humo. Kazi hiyo huchukua dakika kumi. Mimi sikuzitoa dakika hizo, nikatoa fimbo.

Jioni ile nilimsimulia mjukuu wangu habari za Awara. Alibonyeza bonyeza, mara ikatokea, nyeusi na nyeupe, katika kioo kisichozidi kiganja changu. Tuliitazama kwa siku mbili. Mwishoni hakimu anamwendea mwanawe gerezani, amekwisha kumtambua, analia. Mjukuu wangu akaniuliza, "Babu, mbona amechelewa hivyo?" Nikamjibu kuwa wengine huchelewa. Hakuniuliza zaidi, nami sikumweleza.

Mvulana yule, akiwa hai, amekwisha kupita miaka hamsini. Mama yake alifariki, na waliomjua mjini pale wametawanyika. Hakimu wa Awara alijua ni gereza gani la kwenda kubisha hodi. Mimi sijui mlango. Lakini tusi langu nililitoa mbele ya watu, wala si haki msamaha wangu niuombe chumbani peke yangu. Ndiyo maana nimeuandika hapa. Kijana wangu, ulisema kweli kuwa hulipi, nami sikukusikiliza. Niwie radhi.