Gari la Baba Mkwe

Kama umezoea gari la otomatiki lililoshushwa bandarini kutoka Japan, siku utakayoendesha gari la zamani lililofufuliwa utahisi unajifunza upya. Wamarekani wana Pontiac GTO ya mwaka 1964, injini ya V8 ya lita 6.4 iliyopachikwa kwenye gari la kawaida. Sisi huku tulikuwa na Peugeot 504. Injini yake haifiki hata lita 2, lakini usiidharau: mwaka 1975 ilishinda Safari Rally kwenye tope na mashimo ya Kenya, Ove Andersson akiwa kwenye usukani.

Ya baba mkwe wangu, huko Kigoma, ni ya mwaka 1972. Asubuhi huwashi tu ukaondoka. Unavuta choki, unazungusha ufunguo, unasubiri injini ikohoe mpaka itulie. Gia iko kwenye usukani, klachi ngumu, na usukani wenyewe hauna pawa. Kuligeuza mahali pembamba ni mazoezi ya mabega! Lakini ukishaingia barabara ya Katonga ndipo unaelewa kwa nini wazee walilipenda. Springi zake ni laini, linapanda na kushuka kama mtumbwi kwenye wimbi. Kiyoyozi hakuna, unashusha kioo, upepo wa Ziwa Tanganyika unaingia pamoja na harufu ya dagaa walioanikwa. Kwenye mteremko unashusha gia mapema, maana breki zake hazitaki papara. Huwezi kuchati, wala kuwaza ya ofisini. Linakutaka wewe mzima mzima.

Liliegeshwa mwaka 1999, mzee alipostaafu na pesa ya spea ikakata. Fundi alipofungua injini alishangaa: silinda safi, hazijakwama. Baba mkwe akacheka. "Mama, sikulitupa mimi. Nililipumzisha." Alikuwa amemwaga maji na petroli yote, akatia oili kwenye silinda, akalipandisha juu ya mawe, na kila baada ya miezi michache akaizungusha injini kwa mkono.

Kwa mtu wa Kigoma hilo si geni. Meli ya Liemba, iliyoshushwa majini hapa mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 ili maadui wasiichukue. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi. Ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini chini ya Waingereza. Namna ilivyozamishwa ndiyo iliyoiokoa.

Niliyawaza haya nikiwa nyuma ya usukani, mume wangu pembeni. Mwaka uliopita tuliishi mbalimbali kwa miezi saba. Watu walishatupigia hesabu za talaka. Lakini siku anaondoka hakunitukana, na mimi sikumwanika kwa mashosti zangu. Ada za watoto alileta. Mama yangu alimpigia simu kila Jumapili, kama kawaida yake. Hiyo ndiyo ilikuwa grisi yetu, ingawa wakati ule hatukuijua kwa jina hilo. Tulipokuja kukaa chini tena, kulikuwa bado na kitu cha kuwasha.

Sikudanganyi kwamba tumepona kabisa. Hata gari linatoa moshi kidogo likipanda mlima, na fundi amesema lisikae tena muda mrefu bila kuendeshwa. Bado kuna mada ambazo mimi na mwenzangu tunazipitia kwa gia namba moja, polepole, tukisikiliza mlio.

Kwa hiyo, kama wewe na mpenzi wako mmefika mahali pa kuegesha mambo kwa muda, egesheni vizuri. Yachungeni maneno ya siku hiyo, na msiwaingize watoto wala ndugu katikati. Anayejua kama mtauhitaji tena ule ufunguo ni nani?