Likizo hii wapelekeni watoto Bweranyange, Mtagata na Murongo

Likizo ya Juni imekaribia na swali ni lilelile: watoto waende wapi? Kwa wengi jibu ni kwa bibi, na huko kwa bibi mtoto anashinda na simu ya mjomba mpaka shule zifunguliwe. Kwa familia zenye asili ya Kagera, au zinazoishi Bukoba, Muleba na Mwanza, leo napendekeza safari ya siku mbili au tatu inayopita wilaya za Karagwe na Kyerwa na kuishia kando ya Mto Kagera, mpakani na Uganda.

Nianze na tahadhari. Huko msitarajie magofu makubwa kama ya Kilwa wala makumbusho yenye viyoyozi. Sehemu kubwa ya historia ya Karagwe ilijengwa kwa miti na nyasi, na miti na nyasi huoza. Kilichobaki ni vilima, maziwa, mto, chemchemi na wazee wanaojua nini kilitokea wapi. Usipomwambia mtoto kitu, ataona migomba tu. Ukimwambia, hatasahau.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika habari za afya, nimegundua kwamba historia ya maeneo haya inashikika kwa urahisi ukiifuata kwa mambo ya nyumbani: watu walikula nini, waliugua nini, walivukaje mto. Hayo mtoto wa darasa la nne anayaelewa kuliko orodha ya wafalme.

Kyaka: daraja na mstari wa rula

Ukitoka Bukoba kwenda Karagwe utaukuta Mto Kagera pale Kyaka, wilayani Missenyi. Simameni hapo. Watoto washuke, waone ukubwa wa mto. Maji hayo yametoka milima ya Burundi na Rwanda, na hakuna mto unaomwaga maji mengi zaidi ya huu katika Ziwa Victoria.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia upande wa kaskazini wa mto na kuukalia. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Novemba, waliliripua daraja la Kyaka ili jeshi letu lisivuke. Vita hiyo iliua raia, ikamaliza mifugo na kuwahamisha watu wengi, hadi Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979.

Mtoto atauliza kwa nini Amin aliitaka sehemu hii. Mwonyeshe ramani kwenye simu. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana eneo hili wakiwa Ulaya, wakapiga mstari ulionyooka kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Mstari huo uliacha kipande cha ardhi cha Tanzania kaskazini ya mto, na Amin akadai mpaka halisi ni mto. Huko mtakakofika mwisho wa safari, Murongo, mpaka unafuata mto kweli. Safari moja, mito haijabadilika, lakini mpaka ni wa aina mbili.

Bweranyange: ikulu ya Rumanyika

Kutoka Kyaka barabara ya lami inapanda hadi Bugene na Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe. Hapo tafuteni mwenyeji wa kuwapeleka Bweranyange, palipokuwa makao ya Abakama wa Karagwe.

Mkama anayejulikana zaidi ni Rumanyika. Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwake Novemba 1861 wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Waliandika kwamba walikutana na mtu mstaarabu, mwenye maswali mengi na ukarimu mwingi. Ziwa dogo lililo chini ya makao yake liliwakumbusha wageni hao ziwa la Windermere la Uingereza, wakalibandika jina hilo. Wenyeji hawakulihitaji, ziwa lilikuwa na jina lake. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1876, mashua yake ilishindanishwa na mitumbwi ya wenyeji katika ziwa hilohilo mbele ya Rumanyika. Wavulana watapenda hadithi hii.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha mguu wa Grant. Akiwa Karagwe mguu wake ulivimba na kutoa vidonda vibaya hata akashindwa kutembea. Januari 1862 Speke alimwacha na kuendelea kwenda Buganda. Grant alilala kwa Rumanyika kwa miezi, akitibiwa kwa dawa za kila aina, na Aprili mwaka huo ndipo alipoondoka, akiwa amebebwa kwenye machela. Madaktari waliosoma maelezo yake miaka mingi baadaye wamehisi kwamba huenda ulikuwa ugonjwa wa kidonda cha Buruli, unaotokana na bakteria. Hakika ni kwamba mgeni mgonjwa alipokewa, akalishwa na kutunzwa na watu ambao hawakuwa na deni lolote kwake. Mwambie mtoto hilo wakati mmekaa juu ya kilima mnakula ndizi zenu.

Kuna la chakula pia. Speke alishangazwa na wanawake wa nyumba ya Mkama walionenepeshwa kwa maziwa hadi wakashindwa kusimama. Mmoja alimpima kwa futi kamba. Alimkuta pia binti wa miaka 16 akinywa maziwa huku baba yake ameshika fimbo kumhimiza. Unene ulikuwa uzuri na heshima, na maziwa yalikuwa ya wenye ng'ombe. Kisha miaka ya 1890 ikaja sotoka, ugonjwa uliofyeka ng'ombe wa Karagwe na wa nchi nyingi za Afrika Mashariki, na utajiri ule ukatoweka ndani ya muda mfupi.

Leo tatizo limegeuka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Kagera, mkoa wa ndizi, karibu mtoto mmoja kati ya watatu walio chini ya miaka mitano ana udumavu. Ndizi inajaza tumbo lakini haijengi mwili peke yake. Mzazi unayesimulia habari za maziwa ya Rumanyika, hapo ndipo pa kujiuliza sahani ya mwanao ina nini zaidi ya ndizi: maharage, dagaa, yai, mboga, kikombe cha maziwa. Fimbo haihitajiki.

Si mbali na makao ya Rumanyika palikuwa na Kafuro, kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka Unyanyembe na pwani wakileta nguo na shanga na kununua pembe za ndovu. Stanley alipokewa hapo na mfanyabiashara Hamed Ibrahim. Mtoto anayedhani Kiswahili kiliingia Kagera kwa redio na shule anapaswa kujua kuwa misafara ilikifikisha huku miaka mingi kabla ya Wajerumani.

Mtagata: maji ya moto na swali gumu

Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipokuwa wilaya yake yenyewe mwaka 2012. Humo ndimo zilimo chemchemi za maji moto za Mtagata, zilizozungukwa na miti. Hii ndiyo sehemu ambayo watoto hawataki kuondoka.

Umaarufu wa Mtagata ni wa zamani. Stanley alipofika mwaka 1876 alikuta wagonjwa wamepiga kambi, wengi wakiwa na magonjwa ya ngozi, wakioga na kunywa maji hayo. Alipima joto, na penye moto zaidi alipata zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi.

Namba hiyo ni onyo la kwanza kwa mzazi. Maji ya joto hilo yanaweza kumuunguza mtoto mdogo ndani ya sekunde chache, kwa sababu ngozi yake ni nyembamba kuliko yako. Usimtumbukize mtoto kwa kuwa umeona watu wazima wanaoga. Pima kwanza kwa kiwiko chako, mshike mkono muda wote, na umwogeshe pale tu maji yalipopoa.

Onyo la pili ni zito zaidi. Imani kwamba maji ya Mtagata yanaponya ipo hadi leo. Sina sababu ya kuidhihaki. Maji ya uvuguvugu hulegeza misuli, na mzee mwenye maumivu ya mgongo anaweza kutoka pale anajisikia vizuri. Lakini maji moto hayaui vimelea vya malaria vilivyo ndani ya damu, na Kagera ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini. Hayatibu nimonia wala hayamalizi kifua kikuu. Mtoto mwenye homa kali, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida, aliyepata degedege au anayekataa kunyonya hana siku ya kupoteza chemchemini. Huyo ni wa kituo cha afya saa hiyohiyo.

Nalisema hili kwenye ukurasa wa matembezi kwa sababu bibi au shangazi anaweza kushauri, kwa mapenzi kabisa, kwamba "mpitisheni kwanza Mtagata". Mjibuni kwa heshima: "Sawa bibi, tutapita, ila tunaanza hospitali." Si lazima mtu achague kati ya kuheshimu asili yake na kumwokoa mtoto. Kinachohitaji kupangwa ni nini kitangulie.

Murongo: mto ndiyo mpaka

Mwisho wa safari ni Murongo, mji mdogo wa mpakani Kyerwa. Ng'ambo ni Kikagati, Uganda. Katikati unapita Kagera, si mtulivu kama mlivyouona Kyaka bali wenye nguvu, na nguvu hiyo sasa inazalisha umeme. Kituo cha Kikagati–Murongo kina uwezo wa megawati 14, na nchi hizi mbili zinagawana umeme wake nusu kwa nusu.

Simameni mahali panaporuhusiwa na msikilize watu wanavyosalimiana. Kinyambo cha upande huu na Kinyankole cha upande wa pili vinasikilizana bila mkalimani. Kuna koo zenye ndugu pande zote mbili, na msiba wa ng'ambo ni msiba wa nyumbani. Madini ya bati yamechimbwa pande zote za mto tangu enzi za ukoloni. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda nao walivuka Kagera kuingia Karagwe, wakapokewa.

Msipige picha ofisi za mpaka, askari wala mitambo bila ruhusa. Mkitaka kuvuka, piteni uhamiaji mkiwa na hati za safari za familia nzima, watoto wakiwemo. Wenye muda zaidi wanaweza kuuliza kuhusu hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizopandishwa hadhi mwaka 2019.

Kabla hamjaondoka nyumbani

Bebeni maji yaliyochemshwa, kofia, viatu vya kufunika vidole na sweta, kwani asubuhi za Karagwe ni baridi. Chukueni chandarua kwa kila kitanda mtakacholalia na pakiti mbili tatu za ORS. Watoto wasiogelee katika maziwa na mto: kuna kichocho, na kuna viboko. Wasichezee karibu na mashimo ya zamani ya machimbo. Na wasiingie kwenye mapango yenye popo. Kagera ilipata mlipuko wa Marburg mwaka 2023 na mwingine mwaka 2025, na popo wala matunda wa mapangoni wanajulikana kubeba virusi hivyo.

Jambo la mwisho ndilo muhimu kuliko sweta. Mkifika kijiji chochote, piteni kwanza ofisi ya kijiji au kata, mjitambulishe, mwombe kuonyeshwa mzee anayejua historia ya hapo. Mpelekeeni sukari au sabuni. Watoto wamwamkie vizuri, wakae chini, waulize wenyewe maswali yao. Kisha mwombeni ruhusa mumrekodi kwa simu: jina la kilima, jina la ziwa kabla ya lile la Kizungu, nani alizikwa wapi, kwa nini mahali fulani hapakatwi miti.

Tawala za machifu zilifutwa mwaka 1963. Aliyekuwa na miaka kumi wakati huo leo amepita 70. Mtoto aliyeiona Karagwe ya Abakama kwa macho yake ndiye babu huyo mnayemkuta amekaa chini ya mgomba, na hatangoja likizo zetu zote. Juni barabara za vumbi zinapitika na simu unayo mkononi. Futa video chache za vichekesho upate nafasi ya kumrekodi.