Njaa ya Dawa

Dawa njema nayo hutoza ushuru. Mtu aliyepotewa na akili akairudishiwa kwa dawa amepata mali isiyo na bei. Lakini mara nyingi mwili wake hutakiwa kulipa sehemu ya gharama. Ushuru huo ni unene. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ni vigumu kuutambua kwa sababu huja umevaa nguo za neema.

Tangu zamani mwili mnene ulihesabiwa dalili ya shibe na amani. Tena mkoa huu una kumbukumbu chungu juu ya wembamba. Ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walipotambuliwa mwaka 1983, na kwa miaka mingi baadaye kukonda kwa mtu kulinong'onwa kama hukumu. Basi mgonjwa wa skizofrenia, aliyekuwa akizurura njiani na kujibizana na sauti zisizosikiwa na wengine, akionekana ametulia na mashavu yamejaa, jirani husema, "Amepona, tazama alivyonawiri." Neno hilo ni nusu ya kweli. Sauti zimenyamaza, lakini kunawiri kwenyewe kwaweza kuwa mlango wa maradhi mengine: kisukari, shinikizo la damu na ugonjwa wa moyo.

Dawa za kutuliza maradhi haya zilianza na klopromazini, ambayo madaktari wa Paris waliitumia kwa wagonjwa wa akili mwaka 1952. Kabla ya hapo kufuli na kuta zilikuwa nyingi kuliko tiba, na sifa ya dawa hizi haiwezi kupunguzwa. Lakini zinapowazuia wajumbe wa ubongo waletao fadhaa, nyingi huwazuia pia wajumbe waletao habari ya shibe. Tumbo hujaa, na ubongo haupati habari. Wala dawa hazilingani. Klozapini na olanzapini hunenepesha kupita nyingine. Klopromazini na risperidoni hufuata. Haloperidoli na aripiprazoli hunenepesha kidogo, ingawa haloperidoli huweza kukaza viungo na kutetemesha mikono.

Njaa hiyo ni nzito zaidi katika nyumba ya chungu kimoja. Ndizi na maharage hupikwa kwa hesabu ya vinywa vilivyopo, na anayenyosha sahani mara ya tatu huonekana mtu asiye na haya. Watoto humtazama, mama hunung'unika, baba hukaripia. Mgonjwa mwenyewe hajui kwa nini hashibi. Aghalabu huishia katika moja ya njia mbili: kula kwa siri, au kuacha dawa kwa siri. Akila kwa siri, mwili huzidi kulemewa. Akiacha dawa, njaa hupungua na sauti hurudi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba watu wenye maradhi mazito ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wenzao, na vingi vya vifo hivyo hutokana na maradhi ya mwili yanayoweza kuzuilika.

Kinga ya kwanza ni mizani. Mgonjwa apimwe uzito kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, kisha apimwe mara kwa mara, hasa katika miezi ya mwanzo, maana ndipo unene hukimbia. Mtu wa kilo 60 akifika 63 katika mwezi mmoja, hiyo ni ishara ya kutosha kurudi kwa daktari. Mahali pasipo mizani, uzi hufaa: uzungushwe kiunoni na kufungwa fundo, na mwezi ujao fundo litasema kweli. Damu nayo ipimwe sukari na shinikizo.

Kinga ya pili ni chungu chenyewe. Haifai kumnyima mgonjwa chakula. Yafaa kubadili kilichomo sahanini. Mboga za majani na maharage vizidi, ugali na ndizi vipungue kidogo. Sukari ya chai, soda, mandazi na pombe ya ndizi viwe mbali naye. Jembe na mwendo wa miguu ni msaada mkubwa, ila ikumbukwe kwamba dawa hulevya kwa usingizi. Anayechelewa kuamka si lazima awe mvivu. Akipata mwenzi wa kwenda naye shambani hufanya kazi, na huonja tena heshima ya kuwa miongoni mwa watu.

Kinga ya tatu imo mikononi mwa daktari. Aweza kupunguza kipimo, kubadili dawa, au kuongeza metformini, dawa ya kisukari ambayo uchunguzi umeonyesha kuwa hupunguza uzito wa wagonjwa hawa kwa kadiri ya kilo 3. Jambo moja halifai kabisa: mgonjwa au ndugu kukatiza dawa bila shauri.

Lakini kabla ya mizani, uzi na daktari, lipo neno linalopaswa kuondoka nyumbani. Neno hilo ni "mlafi". Anayeitwa hivyo hujificha, na anayejificha hapimwi. Njaa yake ikijulikana kuwa ni ya dawa, aweza kuitaja waziwazi mbele ya mamaye na mbele ya daktari. Na maradhi yanayotajwa huanza kupata tiba.