Lami Ilikuwa Kavu

Polisi aliponiuliza nilisema barafu. Mtu wa bima naye nikamwambia barafu, na jioni nilipopiga simu nyumbani Moshi nikarudia hilo hilo, tena kwa sauti ya mtu aliyenusurika. Haikuwa barafu. Nililijua hilo kabla polisi hajashuka kwenye gari lake, na bado nikasema nilichosema.

Gari lilikuwa Mustang ya V8, mtumba, nililolinunua Minneapolis mwezi wa Juni baada ya kujinyima kwa muda mrefu. Sijutii kulinunua. Mtu aliyejifunza udereva kwenye pikapu ya mjomba, ile ambayo mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba, ana haki ya kutamani gari linalonguruma kwa sababu limetengenezwa lingurume, si kwa sababu bomba la moshi limetoboka. Watu husema gari la spoti halifai kwenye theluji, na wana hoja. Nguvu yote inakwenda magurudumu ya nyuma wakati injini nzito imelala mbele. Tumbo la gari liko chini, kwa hiyo theluji ikijaa bampa linageuka koleo. Matairi mapana nayo huelea juu ya theluji badala ya kuikata hadi yaifikie lami.

Hayo nilikuwa nayajua yote. Niliyasoma usiku na kuyahubiri mchana kwa watu ambao hawakuniuliza. Na kwa kuwa niliyajua, nikajiandaa. Niliweka mifuko ya mchanga kwenye buti ili nyuma ipate uzito. Nikanunua koleo, kikwangulio cha vioo, waya za kuamshia betri na blanketi. Siku theluji ilipoanguka sikulitoa gari kabisa. Nilipanda basi au niliomba lifti. Nilijiona mwangalifu kuliko wenyeji waliozaliwa humo. Nilichokiogopa kilikuwa kitu cheupe: kikiwepo naegesha, kisipokuwepo naendesha.

Hapo ndipo nilipokosea.

Matairi yale yalikuwa ya kiangazi, ya nyuma yakiwa na upana wa milimita 275. Kwa macho yangu upana ule ulimaanisha usalama. Raba ya tairi la namna hiyo huchanganywa ili ishike lami yenye joto, na kwenye joto hakuna kinachoishinda. Lakini halijoto ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, raba huanza kukakamaa. Haingoji theluji. Baridi ikizidi sana, kashata za tairi zinaweza hata kupasuka pale gari linaposogezwa. Nyuzi 7 zenyewe si baridi ya kutisha. Kwenye dashibodi yangu, iliyosoma Farenhaiti, zilikuwa 45, na asubuhi za namna hiyo za mwezi wa Oktoba nilikuwa bado natoka na koti jepesi. Maonyo hayo yalikuwa yameandikwa kwenye kitabu cha gari. Kitabu kilikuwa kwenye kisanduku mbele ya magoti ya abiria, ndani ya mfuko wake, nami sikuwahi kuufungua.

Wala siwezi kusema hakuna aliyeniambia. Mama mmoja Mkenya, muuguzi, Mkisii anayeishi Brooklyn Park ambako Wakenya ni wengi, alilizunguka gari langu baada ya ibada, akainama, akasoma maandishi ubavuni mwa tairi.

"Mwanangu, hizi tairi ni za jua. Badilisha mapema."

Nikamjibu kwamba mimi, mama, nimeendesha barabara za Upare wakati wa masika.

"Matope," alisema, kisha akaenda zake kutafuta chai.

Nilimwona hajui tunachopitia kule. Kumbe yeye ndiye aliyejua na mimi ndiye niliyekuwa nasimulia hadithi. Matope hufundisha mazoea ambayo kwenye baridi ni balaa. Kwenye matope unashikilia mwendo, unayaacha matairi yazunguke yajisafishe, na gari likiyumba unaongeza mafuta kidogo likae sawa. Juu ya barafu, tairi linalozunguka papo hapo linaing'arisha tu barafu iliyo chini yake. Na tairi lililokakamaa kwenye lami kavu halihitaji hata barafu; likishateleza limeteleza. Nami nilikuwa na kiburi kingine kisicho na maana: nilikua nikiitazama theluji ya Kibo kila asubuhi ambayo mawingu yalikubali kusogea. Kuitazama tu. Sijui kwa nini nilidhani hilo linahesabika.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya Februari, anga la buluu, jua linaumiza macho. Mgeni wa Minnesota huwa anadanganyika na siku kama hizo. Siku za mawingu na theluji mara nyingi si za baridi kali. Mawingu yakiondoka ndipo joto la ardhi hupotea usiku kucha na hewa nzito ya Kanada ikatua. Asubuhi ile ilikuwa karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, jambo ambalo pale halimshangazi mtu. Januari 2019 Minneapolis ilifika hasi 33. Barabara zilikuwa zimeshasafishwa, zimekauka, zimebaki na rangi ya kijivu ya chumvi. Kwa kanuni yangu, siku ya kutoa gari.

Binamu yangu alikuwa kando yangu. Alikuwa mgeni bado, ameanza kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala. Tulisimama kwenye mataa, tunataka kukata kushoto. Akaniambia, "Kaka, hebu lifanye lilie kidogo."

Ningependa iwe hivyo. Hakusema. Alikuwa ameinama anatafuta stesheni ya redio. Mimi ndiye niliyetaka alisikie.

Taa ikawa ya kijani, nikakanyaga mafuta. Si sana, Juni ile kukanyaga kule kungetupa mlio na tabasamu. Nyuma ya gari ikachomoka kwenda kulia. Nikaachia mafuta ghafla, nikakanyaga breki, mambo mawili ambayo hayakupaswa kufanywa hata moja. Breki ikawa inapigapiga chini ya unyayo, taa za onyo zinawaka na kuzima, mitambo yote ya kuzuia utelezi inafanya kazi yake, lakini mitambo hiyo yote mwisho wake ni raba, na raba haikuwa na cha kushika. Tulikwenda kiubavuubavu, polepole kiasi cha kuniruhusu kuona hasa tutakapogonga. Gurudumu la nyuma la kulia likapiga ukingo wa njia ya miguu. Binamu alikuwa ameweka mkono kwenye dashibodi kujizuia.

Alisema mkono unauma ila si sana. Nikashuka kuitafuta barafu.

Niliitafuta kwa bidii. Nilikuwa na maelezo tayari kichwani, na yalikuwa maelezo ya kweli kabisa, ila hayakuhusu siku ile: kwamba kwenye baridi kali mvuke wa moshi wa magari huganda kwenye makutano ukawa utando usioonekana, na kwamba chumvi ya barabarani huishiwa nguvu halijoto ikishuka chini ya hasi 9 hivi. Nikavua glavu, nikapitisha kiganja juu ya lami pale gari lilipoanzia kuteleza. Vumbi la chumvi. Nikasogea hatua mbili, nikajaribu tena. Kavu. Wakati nimeinama, Corolla ya zamani, kutu hadi milangoni, ikaja ikakata kona ile ile. Aliyeendesha alikuwa bibi kizee amevaa kofia ya sufu, na mwendo wake haukuwa wa tahadhari yoyote. Nyuma yake likaja gari la kusambaza vifurushi, likakata, likaenda. Kisha jingine. Watu walikuwa wanapita mahali nilipoanguka mimi wakiwa wanafikiria chakula cha mchana, na wengine walinipungia mkono kwa huruma.

Nikarudi kwenye gari nikachuchumaa kwenye tairi la nyuma ambalo halikugonga. Nikalikandamiza kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha haukuingia, haukuacha hata alama. Lilikuwa gumu kama kwato. Ndipo maneno ya yule mama yakanifikia, miezi kadhaa baada ya kusemwa.

Nikavaa glavu. Polisi akafika. Nikasema barafu.

Binamu alikuwa amevunjika mfupa wa kifundo cha mkono. Alifungwa plasta kwa wiki kadhaa, na ghala lilikuwa linamlipa kwa saa, kwa hiyo saa zilipokosekana na pesa zikakosekana. Kodi yake ya chumba nililipa mimi. Ile nafasi ya kazi alipewa mtu mwingine. Gari liliharibika rimu, ekseli na vyuma vinavyolishikilia gurudumu. Bima ililipa baada ya mimi kutoa dola 1,000 za kwanza, kisha ikanipandishia ada. Seti nzima ya matairi ya baridi pamoja na rimu zake, ambayo nilikuwa nimeiita anasa, ilikuwa dola 1,200.

Uongo wenyewe haukuniokolea hata senti. Bima ingelipa vilevile. Nilikuwa nalinda jina la udereva tu. Mwezi wa Aprili, tukiwa tunakula, nikaamua kumwambia binamu ukweli. Nilikuwa nimeupanga vizuri, nikaanza na mambo ya raba na nyuzi joto. Aliniacha nikafika katikati.

"Kaka," akasema, "mimi nilikuwa ndani ya gari. Ulikanyaga."

Sikuwa na jibu. Hata katika kukiri nilikuwa nimeanza na tairi ili mguu wangu usahaulike.

Gari bado ninalo. Mwaka uliofuata nililifungia matairi membamba kidogo, yenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji katikati, ambayo hupewa tairi lililofaulu jaribio la theluji. Raba yake hubaki laini kwenye baridi, na imechanjwa mikato myembamba inayoing'ata theluji. Theluji ikijaa sana bado nalala nyumbani, lakini kona ile nimeipita mara nyingi bila kisa. Minnesota hakuna sheria ya kukulazimisha. Quebec, nchini Kanada, matairi ya baridi ni lazima kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, theluji iwepo isiwepo. Waliotunga sheria ile walitazama kalenda, hawakutazama dirishani.

Novemba iliyopita kijana mmoja kutoka Arusha alinijia na BMW yake, nzuri kweli, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Alitaka kujua bei ya matairi. Nikamtajia, nikamsimulia na habari yangu yote, mguu ukiwemo. Alisikiliza kwa adabu, akachungulia nje, akaona barabara kavu, akasema atasubiri kwanza theluji ianguke. Nikamwambia basi tushuke mara moja, akalikandamize tairi kwa ukucha.

Akasema nje kuna baridi.