Yai Chini ya Mama

Sisi tunaosoma falsafa humjua Aristotle kwa mantiki na metafizikia. Wachache wetu tulijua kwamba aliandika pia juu ya mayai ya kuku yaliyopasuliwa ili kuona kifaranga kinavyojengeka. Baada ya siku 3 tu, alisema, moyo huonekana kama tone la damu linalopigapiga ndani ya ute. Na kuku hulalia siku 21! Tangu tusome hayo, tunabeba bomba la kupulizia dawa kwa wasiwasi kidogo.

Mwaka 1967 Mwingereza Derek Ratcliffe alilinganisha mayai ya kozi yaliyohifadhiwa zamani na ya wakati wake. Aliona kwamba kuanzia mwaka 1947 hivi, DDT ilipoanza kuenea, maganda yalikuwa yamepungua unene. Kozi hakupuliziwa dawa. Alikula ndege wadogo waliokuwa nayo mwilini, mabaki yakajilimbikiza katika mafuta yake na kuzuia chokaa isifike kwenye ganda. Mama akaatamia, yai likapasuka kwa uzito wake. Kulea kwenyewe ndiko kulikoua. Hilo lilitusumbua kuliko hoja nyingi za darasani kuhusu uovu.

Kuku, kwa upande wake, hadhuriki sana kwa namna hiyo. Mkulima anayetazama banda lake tu angeapa kwamba dawa ni salama.

Marekani ilipiga marufuku DDT mashambani mwaka 1972. Bado inaruhusiwa kimataifa dhidi ya mbu wa malaria, nasi tuliolazwa kwa malaria hatuwezi kubeza ruhusa hiyo. Lakini hata baadhi ya dawa nyingine, za kundi la oganofosfeti, zimeonekana maabara zikipenya vitundu vya ganda na kulemaza kiinitete.

Papa Fransisko, katika Laudato Si', anawataja ndege na wadudu wanaotoweka kwa sumu za kilimo. Sawa. Ila viwavijeshi wako kwenye mahindi yetu, na mahindi hayo ndiyo ugali wetu hadi mwakani.

Tumebishana sana. Mwishowe tumekubaliana kuacha bila dawa mistari miwili ya pembeni, ambako kwale hutaga. Mwenzetu mmoja anasema viwavi wataanzia hapo hapo. Huenda ni kweli. Magunia tutayahesabu wakati wa mavuno.