Harambee ya Nyaya

Jumamosi ya tarehe 9 Machi 1996, Rais Bill Clinton wa Marekani na makamu wake, Al Gore, walionekana wakivuta nyaya katika shule ya upili ya Ygnacio Valley mjini Concord, California. Hawakuwa peke yao. Maelfu ya wazazi, walimu na mafundi walikuwa wamejitolea siku hiyo kutandaza nyaya za tarakilishi katika shule za jimbo hilo. Waasisi wa wazo hilo, John Gage na Michael Kaufman, waliiita siku hiyo NetDay. Mkenya aliyewahi kubeba mawe ya kujengea darasa hahitaji tafsiri: ilikuwa harambee, pamoja na ngazi zake, vicheko vyake na wapiga picha wake. Haja nayo ilikuwa ya kweli. Mwaka 1994, vyumba 3 tu katika kila vyumba 100 vya kufundishia katika shule za umma za Marekani ndivyo vilivyokuwa na intaneti.

Lakini harambee ina desturi yake. Baada ya uhuru, wananchi wa Kenya walijenga shule nyingi za upili kwa mikono na sarafu zao. Kuta zilisimama, paa likaezekwa, kisha likazuka swali la nani atamlipa mwalimu. Waya nao una mwalimu wake. Huyo ndiye mtunza mtandao wa wilaya.

Neno wilaya lisimkumbushe msomaji kofia ya mkuu wa wilaya wa enzi zile. Huko Marekani, wilaya ya shule ni mamlaka yenye bodi yake, aghalabu iliyochaguliwa na wapiga kura, na fungu kubwa la mapato yake ya ndani hutokana na kodi ya ardhi na majengo. Majimbo hujaribu kusawazisha kwa ruzuku, ila bado thamani ya nyumba za mtaa husikika hadi darasani.

Ili pengo hilo lizibwe, sheria ya mawasiliano ambayo Clinton aliitia sahihi tarehe 8 Februari 1996 ilizaa mpango wa E-Rate, ulioanza mwaka 1998. Fedha zake hutozwa kampuni za mawasiliano, nazo aghalabu humtwika mteja mzigo huo katika ankara yake. Umaskini wa wilaya hupimwa kwa sahani, yaani idadi ya watoto wanaostahili chakula cha mchana cha bure au cha bei nafuu. Wakiwa wengi, punguzo hupanda kutoka asilimia 20 hadi 90. Ni kipimo cha ajabu kidogo, njaa kuamua kasi ya intaneti, ingawa ni vigumu kukipata kilicho bora.

Kwa miaka mingi mfuko huo ulikuwa na kikomo cha dola bilioni 2.25 kwa mwaka. Gharama ya kuileta intaneti hadi mlangoni ililipwa kwanza. Nyaya na swichi za ndani ya majengo ziligawiwa makombo, nayo mara nyingi yaliishia kwa wilaya maskini kabisa. Wilaya ambazo hazikuwa hohehahe wala tajiri zilibaki na bomba mlangoni bila mfereji ndani. Mwaka 2014 kikomo kilipandishwa hadi dola bilioni 3.9, na kila mwanafunzi akahesabiwa fungu lake la vifaa vya ndani. Kuanzia mwaka 2021 fungu hilo lilikuwa dola 167 kwa miaka mitano. Iwapo wilaya ya mashambani ina wanafunzi 1,000, hizo ni dola 167,000. Kwa punguzo la juu kabisa la vifaa hivyo, asilimia 85, mfuko hutoa dola 141,950, na wilaya yenyewe hutafuta dola 25,050.

Hadi hapo hesabu inapendeza. Lakini mfuko huo haununui tarakilishi za wanafunzi, haulipii mafunzo ya walimu, wala haumlipi mtunza mtandao. Ndiye anayetangaza zabuni na kungoja siku 28, ndiye anayejaza fomu ambazo zikichelewa huweza kuinyima wilaya mwaka mzima wa fedha, na bado mshahara wake unatoka katika kapu lile lile la karani na dereva wa basi. Katika wilaya ndogo huenda akawa mtu mmoja kwa shule zote. Swichi zake zimo katika stoo ya mifagio na ndoo, ambamo joto huziua kabla ya wakati wake. Akipita ukumbini huitwa na mwalimu aliyesahau nywila, kisha na mashine ya kuchapa iliyokwama.

Tangu katikati ya miaka ya 2010, majimbo mengi yamehamishia mitihani ya shule kwenye tarakilishi. Asubuhi ya mtihani, mamia ya watoto hufungua ukurasa mmoja kwa dakika moja. Mtandao ukizimika, mtoto aliyekuwa katikati ya insha yake hukaa akitazama kioo kitupu, na hakuna anayemkumbuka rais aliyevuta waya.

Kisha kuna wezi. Mwanzoni mwa Septemba 2022, wahalifu waliivamia mitambo ya wilaya ya Los Angeles, ya pili kwa ukubwa nchini humo. Wilaya ilikataa kulipa kikombozi, na Oktoba data iliyoibwa ikamwagwa hadharani. Ikiwa jitu kama hilo lilijeruhiwa, mtu mmoja mwenye funguo za stoo atafanyaje?

Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliamua kwamba utaratibu wa kuchangisha fedha hizo haukiuki katiba. Mfuko ukapona.

Mtunza mtandao bado hukabiliana na bodi yake jioni ya bajeti. Akiomba msaidizi, huulizwa: mbona mtandao unafanya kazi vizuri? Hana picha ya kuwaonyesha ya siku ambayo hakuna kilichoharibika. Kikao kikiisha, hupitia stooni kusikiliza kama feni ya swichi bado inazunguka.